Karatasi ya Kioo cha Gari la Mama

Makoko,
Musoma.
8 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Leodgar,

Nakusalimu kwa upendo wote, wewe na wifi yangu Sara na watoto. Shikamoo yako niliikuta kwenye ujumbe wa Sara, marahaba. Kifua chako kinaendeleaje tangu walipokutoa shimoni huko mgodini wakakupa kazi za juu? Usiache kunywa dawa kwa sababu tu umepata nafuu siku mbili. Unakuwaga hivyo tangu utotoni.

Sisi tunapumua. Baba anakula kidogo, analala kidogo. Huku Makoko shule imefungua na darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati. Siwezi kuandika kwamba hatujambo, maana nimechoka kusema uongo, na uongo ndio umenifanya nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungeniambia ninyamaze.

Najua umeacha kupokea simu za kaka Fredy. Sikulaumu. Mtu anayesimama mbele ya ukoo akasema alijua gari halina tairi la akiba, akapuuza, na mama yake akafia njiani kwa ajili hiyo, utaongea naye nini? Lakini Fredy hakujua, Leo. Soma mpaka mwisho, tafadhali.

Unakumbuka kwa nini tulinunua gari. Moyo wa Mama ulishambana mara mbili, na mara zote mbili Fredy alimtoa nyumbani Mugeta hadi hospitali ya Bunda kwa pikipiki, Mama katikati, amefungwa kwa khanga kiunoni asidondoke. Tukakubaliana sisi watatu, wewe ukiwa huko Zambia, kwamba tujinyime tupate gari jipya kabisa, lisilotusumbua njiani.

Mwezi wa pili tukaenda Mwanza mimi na Fredy. Gari lilikuwa jeupe, linanukia plastiki, na kwenye kioo cha dirisha la nyuma walikuwa wamebandika karatasi yenye maelezo yote kwa Kiingereza. Fredy akamwambia muuzaji, kwa fahari kabisa, kwamba dada yake ni mwalimu wa Kiingereza, kwa hiyo hakuna haja ya kutufafanulia. Nikavaa miwani nikaanza kumsomea.

Ukubwa wa injini nilimsomea sawa. Mwaka wa kutengenezwa, idadi ya viti, miaka ya dhamana, vyote sawa. Nilipofika kwenye mafuta nikamwambia linakwenda kilomita sita kwa lita moja. Fredy akashtuka, akasema hata lori la pamba halinywi hivyo. Muuzaji akacheka. "Mwalimu, umegeuza," akasema. "Ni lita sita kwa kilomita mia moja." Walikuwepo wateja wengine, nao wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini uso uliniwaka. Nikajiapia moyoni kwamba sitafungua tena mdomo kuuliza.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari mmoja wa mwisho. Nilielewa kwamba unataja vifaa vya kuziba pancha, na nilielewa kwamba unataja tairi la akiba. Katikati palikuwa na neno lieu. Sijawahi kulifundisha wala kukutana nalo. Nikadhani ni jina la kampuni iliyotengeneza vifaa hivyo. Muuzaji alikuwa hatua tatu kutoka niliposimama, Leo. Hatua tatu tu. Nikamwambia Fredy wanatupa tairi la akiba na vifaa vya pancha juu yake. Akafurahi, akapiga kofi bodi la gari, akasema tumependelewa.

Tulipofika nyumbani Mama mwenyewe akaomba karatasi ile isitupwe, kwa sababu imeandikwa vizuri. Niliibandua taratibu nikaiweka kwenye begi langu.

Jumamosi ile ya tarehe 15 Juni nilikuwa Mugeta kuwasalimu. Saa tano asubuhi Mama akaanza kuhema. Zahanati wakatuandikia twende Bunda upesi. Fredy akashika usukani, mimi nikakaa nyuma na kichwa cha Mama mapajani. Gari lilikwenda vizuri sana. Mama alisema halimtingishi.

Kabla hatujafika kwenye lami tukakanyaga jiwe lenye ncha, likachana tairi la mbele ubavuni. Fredy hakuwa na wasiwasi. Alishuka, akafungua nyuma, akanyanyua zulia. Halafu akaja dirishani ameshika kipampu na kichupa cha gundi.

"Doro, tairi liko wapi? Karatasi ilisemaje?"

"Ilisema lipo," nikamjibu.

Lakini pale pale nilikuwa nimeshaelewa. Lile neno lilinifungukia bila kamusi. Maana yake ni badala ya. Walikuwa wameandika kwamba gari lina vifaa vya kuziba pancha badala ya tairi la akiba.

Fredy akajaribu gundi. Ile ni ya tundu la msumari, siyo ya tairi lililochanika ubavuni. Ilikuwa inamwagika mchangani. Alipiga simu mpaka chaji ikaisha. Mama aliniomba nimfungulie mlango apate hewa, nikaufungua. Ilipita karibu saa nzima ndipo likaja lori la pamba la kijana mmoja anaitwa Luhende. Tulimpandisha Mama mbele, mimi nikamshika. Luhende aliendesha kwa heshima kubwa, Mungu amkumbuke. Tulipoanza kuziona nyumba za Bunda mkono wa Mama ukawa mzito, na mimi sikumwambia dereva. Nilimwacha aendelee kukimbiza lori mpaka mlango wa hospitali.

Baada ya mazishi Fredy alisema ataenda Mwanza kumshtaki muuzaji kwa udanganyifu. Akaniomba ile karatasi iwe ushahidi. Ilikuwa kwenye begi langu, kati ya madaftari ya darasa la sita. Nikamwambia imepotea. Akaenda hivyo hivyo. Muuzaji akatoa nakala yake, akamtafsiria mstari kwa mstari, na chini kabisa pale akamtafsiria mara mbili.

Alirudi akapitiliza moja kwa moja hadi kwangu Makoko. Nilimkaribisha chakula, hakula. Akasema, "Waliandika, Doro." Nikasubiri aniambie na lililobaki. Akasema tu, "Watu wanakuitaga mwalimu. Acha waendelee."

Siku ya arobaini akasimama mbele ya watu wote akasema yale uliyoyasikia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake, na sikunyanyuka. Wajomba wa Butiama waliondoka bila kumuaga, na hadi leo hawakanyagi kwake. Shangazi Ghati alimwambia mbele ya mkewe kwamba hana mama kwa kupenda mwenyewe. Baba anapelekewa chakula kutoka nyumba ya Fredy na anakirudisha.

Jumapili iliyopita nilikwenda Mugeta nikiwa nimeamua. Nikapiga magoti mbele ya Baba, nikamwambia nina neno kuhusu siku ile ya gari. Akaninyooshea kiganja.

"Dorotea, mama yenu ameondoka, na Fredy nimempoteza," akasema. "Leodgar yuko mbali. Umebaki wewe. Kama ni neno la kukuondoa na wewe, usiniambie."

Nikanyanyuka. Nikamchemshia chai, akanywa yote, akaniombea safari njema. Sijui nitafanya nini tena, Leo. Nikisema, namuua mzee. Nikinyamaza, namzika Fredy akiwa hai. Na hata nikisema, Mama harudi.

Sikuombi unisamehe, wala unitunzie siri. Ukitaka kuwapigia wajomba, wapigie. Ninachokuomba ni kimoja: mpigie Fredy. Hatapokea mara ya kwanza, siku hizi hapokei namba nyingi. Piga tena.

Baba anakusalimu na anauliza kama mtoto wa mwisho ameanza kutembea. Shangazi Ghati anakusalimu. Mume wangu Revocatus anakusalimu na anamsalimu Sara. Fredy hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo hajanipa salamu.

Mungu aliyemwona Mama barabarani awaone na ninyi huko mliko, awape kurudi mkiwa wazima.

Dada yako akupendaye, hata usipotaka tena,
Dorotea