Begi Lenye Magurudumu

Jumapili, 15 Desemba 2024

Protase amepiga simu baada ya Misa. Wanakuja wote watatu – yeye, Nancy mkewe, na mjukuu wangu Verdiana. Watatoka Dar Jumamosi, watalala Kahama. Mwanangu wa kwanza, miaka arobaini na nne, ananiuliza kama siku hizi barabara ya kuja Ijumbi inapitika! Nikamwambia barabara ipo, wewe ndiye hupiti.

Halafu ikaanza orodha. Mama usisahau senene, bosi wangu anaziulizia tangu Novemba. Nancy akapokonya simu: shikamoo Mama, mama yangu mzazi anaomba mkungu wa zile ndizi za mwaka jana, na akina mama wawili wa jumuiya nimeshawaahidi. Verdiana anataka ndizi gonja za kuchoma. Nimeandika yote nyuma ya kalenda ya parokia. Ualimu nimestaafu miaka kumi na moja sasa. Kugawa bado.

Habari ya goti sijawaambia. Haiwahusu.

Jumatano, 18 Desemba

Nimekwenda Bukoba kununua zawadi. Jovina, binti yangu, nesi pale mjini, alinipokea stendi. Nimepata shati la bluu la Protase, kitenge cha Nancy, kamusi ya Verdiana. Mimi sikubali watu waniletee zawadi halafu nikae mikono mitupu kama mgeni.

Jovina alitembea nyuma yangu muda wote. Nikajua ananiangalia mguu. Mama, unachechemea. Viatu, nikasema. Akasema siyo viatu, Mzee Kahangwa alinipigia tangu Oktoba.

Loh! Kahangwa! Jirani mzima, mdomo kama redio. Kweli niliteleza, mvua ilikuwa imenyesha na mimi napunguza majani makavu. Nikakaa chini ya mgomba nikapumzika. Yeye amemwambia mtoto nililala pale saa nzima nikiita watu. Ilikuwa nusu saa. Na niliita mara mbili tu.

Jumapili, 22 Desemba

Wamefika saa kumi jioni! Nimetandaza nyasi mpya sebuleni, nyumba yote inanukia. Verdiana ana miaka tisa na miguu kama ya babu yake. Nimewapa akamwani watafune wakati chakula kinaiva – Nancy siku hizi anatafuna kahawa kuliko sisi wenyewe. Namtania kwamba Mpare ameshakwisha, amebaki Mhaya.

Gari lao ni Rav4 jeupe. Zuri. Dogo.

Wameshusha boksi kubwa limefungwa karatasi ya nyota. Verdiana akasema Bibi, hiyo ni yako, usiguse! Sijagusa. Nimelibonyeza kidogo tu wakati wanaoga. Gumu pembeni, laini katikati.

Jumanne, 24 Desemba

Tumechambua senene mimi na Nancy kutwa nzima. Mabawa huku, miguu huku. Kucha zake za rangi zimeharibika na hakulalamika. Namsifu. Ndoo mbili zimejaa, tumekaanga kwa chumvi tu.

Nikiwa jikoni nimemwona Protase anatembea kibanjani, shambani kwangu, na Kahangwa. Anamwonyesha kwa mkono – hapa mpaka kwenye ule mti wa mpakani, na kahawa zile za juu. Nikafikiri anajisifia shamba la mama yake. Nikafurahi!

Jumatano, 25 Desemba – Krismasi

Misa imejaa mpaka nje. Kwenye kwaya sauti ya tatu ilikuwa mimi peke yangu kwa sababu wenzangu wawili wana mafua, na haikuyumba. Padre alinipa mkono.

Tumekula ndizi na nyama ya mbuzi, na wali kwa ajili ya Verdiana. Jovina amekuja kutoka Bukoba na samaki wa Kemondo. Halafu zawadi. Shati la bluu limembana Protase tumboni, akasema limemkaa sawasawa. Amelivaa hapo hapo. Nancy amejifunga kitenge juu ya gauni. Verdiana amefungua kamusi akaanza kutafuta neno "kamusi". Mwanafunzi huyo!

Ndipo wakaniletea boksi. Ndani – begi la kusafiria. La zambarau, kubwa, lina magurudumu manne, linasukumwa kwa kidole. Nikasema asanteni jamani, lakini mimi nasafiri kwenda wapi, Kamachumu sokoni?

Protase akasimama kama yuko kwenye kikao. Mama, zawadi siyo begi. Zawadi ni chumba. Wamejenga chumba pale kwao Goba, Dar, kina marumaru, choo ndani, maji ya moto. Umefanya kazi vya kutosha, Mama, sasa upumzike. Tunaondoka wote Jumamosi. Kibanja ataangalia Mzee Kahangwa. Nancy akafungua simu akanionyesha picha. Mpaka chandarua kimeshafungwa. Cha pinki.

Nikamwangalia Jovina. Jovina akaangalia nyasi. Alijua!

Nikasema asanteni sana, Mungu awabariki. Nikakusanya sahani. Sahani haikulia hata moja.

Alhamisi, 26 Desemba

Nimeamka na hasira. Kahangwa amekuja asubuhi na panga lake, eti aanze kuzoea kibanja. Nikamwambia kazoee cha kwako kwanza, waitu. Cha kwake migomba nusu ina mnyauko na hang'oi hata mmoja, anasubiri ipone! Mtu huyo ndiye akabidhiwe migomba niliyoachiwa na marehemu mume wangu Kaijage.

Na Kaijage mwenyewe je? Kaburi liko nyuma ya jiko. Namsalimu kila asubuhi nikienda kukata majani, miaka minane sasa. Nikiwa Goba nitampigia simu?

Nikamwita Protase nimwambie sitoki. Nilikuwa nimejipanga vizuri, hoja tatu, kama darasani. Nikafika ya kwanza tu. Akasema Mama, ungefia pale chini ya mgomba, mimi ningewaambia watu nini? Kwamba nilikuwa ofisini? Na akalia. Mwanaume mzima, shati langu jipya mwilini. Sijamwona akilia tangu tumzike baba yake.

Hoja ya pili na ya tatu zikanikwama. Nikasema basi, mwanangu, basi. Nitajiandaa. Sasa najiuliza kwa nini nilisema hivyo. Nampenda, ndiyo sababu. Lakini kumpenda mtoto siyo kuhama kwangu!

Ijumaa, 27 Desemba

Leo ni siku ya kufungasha. Na leo nimepata akili.

Kuanzia asubuhi: Mama, mikungu ni mitano eh? Mama, parachichi usisahau. Mama, senene za bosi ziwe kwenye ndoo yake peke yake. Mama, na maharage yale ya njano. Wananipeleka Dar nikapumzike na bado wanataka mikungu mitano! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza Krismasi ijayo hiyo mikungu atawakatia nani. Kahangwa?

Nikamuuliza Verdiana, kwenu Goba kuna mgomba? Akafikiri. Kuna ua la plastiki, Bibi.

Mikungu nimeichagua mwenyewe, mikubwa kuliko yote kibanjani. Kahangwa ameikata, na mmoja umemlemea akakaa chini. Nimecheka mpaka goti likauma.

Halafu nikaingia chumbani na begi la zambarau, nikafunga mlango. Wakadhani napanga nguo. Nimejaza njugu mawe, maharage ya njano na kahawa ya unga pakiti kumi na nne. Zawadi zao. Nimevuta zipu mpaka mwisho. Nguo zangu ziko kabatini kama zilivyokuwa, khanga juu, magauni chini.

Nimelisukuma mpaka sebuleni. Protase akaliinua. Mh, Mama, umebeba na kabati? Akafurahi kweli kweli. Akasema begi la Mama ndilo litaanza kuingia.

Sasa nimepiga hesabu ya gari lile. Nyuma: begi, ndoo mbili, gunia la parachichi. Keria juu hawana. Mikungu mitano itakaa siti ya nyuma na Verdiana pembeni. Mimi nitakaa wapi? Hawajaona bado. Watu wamesoma mpaka chuo kikuu!

Sitakataa. Nikikataa atalia tena na mimi sitaweza. Ila nimeweka nadhiri, na naiandika hapa ili nisije nikajidanganya. Wakishusha mikungu yote mitano kwa ajili yangu, yote, bila mimi kuwaomba – nitapanda. Nitakwenda Goba nikalale kwenye chandarua cha pinki. Lakini nawajua wanangu. Nancy ameahidi watu watatu. Hawatashusha.

Jumamosi, 28 Desemba

Saa moja na nusu asubuhi. Nimekaa barazani, viatu miguuni, mkoba mapajani. Wanadhani namwandikia Kahangwa maagizo ya kibanja. Kahangwa mwenyewe amesimama hapa anasubiri karatasi yake.

Kaijage nimeshamsalimu. Nimemwambia asihangaike.

Gari limejaa kama nilivyosema. Protase amezunguka mara tatu, kafungua mlango huu, kafungua ule. Sasa ndiyo ameona! Nancy kasema tuweke mkungu mmoja miguuni kwake. Wakaweka, mlango ukakataa kufunga. Jovina kasema mimi naweza kubaki na mmoja Bukoba. Nancy kasema ule ni wa mama yangu. Verdiana amekumbatia gonja zake, anasema yeye haziachi. Nimewauliza tu, kwa upole, jamani niko tayari, nikae wapi? Nimejisikia raha ambayo hata kuungama nitaona aibu.

Wanateta nyuma ya gari. Nasikia kidogo kidogo. Nancy: apande basi Jumatatu na Jovina amsindikize. Jovina: nina zamu.

Protase ameshusha mkungu mmoja. Ameuweka kwenye majani, pale pale. Sawa. Mmoja. Siti bado haionekani.

Ameshusha wa pili. Ule wa jumuiya.

Nilitegemea atasimama hapo. Amekumbatia wa tatu kwa mikono yote miwili, na kikonyo kinatoa utomvu kifuani mwake. Shati la bluu! Utomvu wa ndizi hautoki kwa sabuni yoyote, anajua, amekulia hapa. Nimetaka kumwambia vua kwanza shati, mwanangu. Nimejizuia. Neno lolote langu litaharibu nadhiri.

Wa nne. Nancy ameushika upande wa pili. Ndio ule wa mama yake, mkubwa kuliko yote. Ameushusha pamoja naye, akapangusa mikono kwenye gauni, hakumwangalia mtu.

Niseme ukweli wangu hapa, hakuna mwingine anayesoma: nilikuwa na uhakika. Miaka thelathini na mitano nimefundisha watoto, najua atakayejibu nini kabla sijamaliza swali. Hawa wangu mwenyewe nimewakosea jibu.

Umebaki mmoja. Kahangwa ananinong'oneza, Mwalimu, karatasi. Namwambia subiri. Anasema hii mikungu ikibaki ni ya nani? Namwambia subiri, mzee!

Wa tano umeshuka.

Mitano yote kwenye majani, mstari mmoja, na hakuna aliyegombana. Protase ameegemea gari anahema, kifua chote cheusi kwa utomvu. Nancy amefungua ile zawadi yangu ya kitenge, mpya, haijaona maji hata mara moja, na anapangusia siti. Anapangusa na pale pa kuegemea, taratibu, kama kuna mgonjwa atakayekaa pale. Jovina amegeuka upande wa kibanja, mabega yanamtikisika.

Verdiana amekimbia mpaka barazani na gonja zake. Bibi, nafasi ipo! Kubwa!

Na begi lina njugu mawe. Sina hata khanga moja ndani ya gari lile.

Protase anakuja. Ananyoosha mkono wenye utomvu anishike, anasema twende Mama, pole pole na hilo goti, na mimi nafunga daftari hili, nampa mkono.