Mbwa Asiyejua Kijaluo

Turwa, Tarime

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako, na kwamba goti limepunguza ukorofi. Mimi ni mzima, cherehani inanguruma na wateja wapo. Nina ombi, Mama, lakini liko mbele. Tafadhali usirukie huko kama kawaida yako.

Utaguna nikikuambia nyumba yangu sasa ina paka watatu na mbwa mmoja. Si wangu. Tangu watu waanze kukimbilia dhahabu kule Kewanja, wengi wanafunga mizigo na kuacha mbwa na paka wao wakizurura. Daktari wa mifugo hapa kwetu, Mama Nyamhanga, alijenga banda la kuwatunza, nalo likafurika, ndipo akatuomba wenye nafasi tukae nao nyumbani mpaka wapate wenyewe. Nikasema nitachukua paka mmoja tu. Unanijua.

Paka hawana shida, ila mmoja analala juu ya sare za shule ninazoshona, na wazazi wanalalamikia manyoya. Mbwa ndiye aliyenitoa jasho. Hakugusa chakula. Nilimwekea dagaa, nikambembeleza aje ale, "bi ichiem, bi ichiem," akanitazama tu. Mbavu zikaanza kuonekana, nikaogopa atanifia mikononi. Jirani yangu Boke alipopita alicheka mpaka akashika ukuta, akaniuliza nani alinituma kumkaribisha mbwa wa Kikurya kwa Kijaluo. Akamwambia maneno mawili ya kwao, mbwa akaramba bakuli likang'aa.

Basi ikabidi nijifunze Kikurya. Mwalimu wangu akawa mwenye mbwa, Wangwe, anayechimba Kewanja; alimwacha bandani kwa sababu amepanga chumba kwa mtu asiyetaka mbwa. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kumwona. Tulianza na "kula" na "kaa chini", tukafika hadi habari za mama yake na ng'ombe wao.

Mwezi uliopita alimaliza kujenga nyumba yake, akaja na kamba. Nilifurahi kwa ajili ya mbwa, kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia. Niliporudi nilimkuta Wangwe bado ameketi. Akasema, "Adero, nikimchukua leo, Jumapili nitakuja hapa kutafuta nini?"

Mama, najua ulishasema hutaki mkwe Mkurya, na mchimba dhahabu ndiyo kabisa. Huyu ni vyote viwili. Lakini nampenda, nami nimeshamkubalia. Wazee wake wanataka kuja kwako huko Migori wiki ya Pasaka, na nimewaambia hawatavuka mpaka wa Sirari hadi uwaite. Mbwa bado yuko kwangu. Tumekubaliana hahami peke yake. Wangwe ameshapata ndiyo yangu. Imebaki yako.

Nisalimie kaka Oduol na watoto, na uwaambie wasicheke kabla hujacheka wewe.

Ni mimi mwanao, ninayengoja,

Adero