Nyumba Ambayo Haikuungua

Birere, Goma, tarehe 20 juni 2021

Mudogo wangu Moïse,

Huku tuko wazima, mvua imeosha majivu. Lakini hiyo blogu yako imenichosha! Najua wasomaji ndio wanakulisha kutoka muji hadi muji. Ila nani alikuambia nyumba ya Mama iliungua? Volkano ilitapika wewe ukiwa hotelini Mombasa, halafu ukaandika eti umesimama juu ya majivu yetu ukilia.

Mujomba Nsengimana alisoma, akashuka kutoka Masisi na mabati matano na mbuzi wa kutupa pole. Akamukuta Mama ameketi mulangoni kwake, anachambua majani ya sombe. Mabati alirudi nayo, mbuzi akakataa katakata kurudi naye. Tulimula kwa haya, hakuna aliyemutazama mwenzake.

Mama hakukukasirikia. Tangu tulipokimbilia Sake kwa miguu, hasimami tena bila kushikwa. Kila siku ananiambia, "Séraphine, nisomee, mutoto yuko wapi leo?"

Njoo, Moïse. Na kama huji, basi andika tu kwamba unakuja. Uwongo umeshauzoea, na yeye bado anaamini kila neno lako.

Dada yako mukubwa,
Séraphine