Magurudumu ya Kuvukia Mchanga

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta barazani na kikombe chako cha tangawizi, na kwamba kifua cha Mama kimetulia. Mimi ni mzima. Jua la huku limenikausha kidogo, lakini nakula na kulala vizuri. Nimeamua kuandika kwa sababu juzi ulipopewa simu nilikusikia ukiita "Haloo! Haloo!" na mimi nikipiga kelele upande huu, mpaka ukamrudishia Mama. Niliumia sana. Ndani ya kifurushi kuna kitu nimekifunga kwenye kitambaa cha kijani. Tafadhali usikifungue mpaka umalize kusoma. Mama, msimamie, unamjua.

Nianze na pikipiki. Gereji yetu hapa Dodoma ina mteja anaitwa Daktari Rehema, daktari wa mifugo, mama wa makamo asiyejua kuogopa. Alinunua pikipiki ya mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Wanaiita supamoto. Ungeiona ungecheka: juu ni ndefu kama pikipiki za porini, chini imevaa magurudumu madogo mapana na matairi laini ya lami, kama mtu anayekwenda kulima na viatu vya harusi. Naye Daktari ana mbuzi wa kuchanja katika vijiji vya kule nyuma ya Gulwe, ambako lami ni hadithi. Siku moja akanipakia nyuma nikajionee njia yenyewe.

Tukafika kwenye korongo. Baba, huku mto ni mchanga mtupu! Sisi wa Korogwe tunajua mto ni maji yanayopita mchana na usiku. Huu ulikuwa mweupe, mkavu, mpana kuliko uwanja wetu wa mpira, na katikati yake kina mama walikuwa wamechimba mashimo wanachota maji kwa vibuyu. Maji safi, chini ya mchanga ule! Daktari akaingia kwa mbwembwe zake, na kabla hatujafika katikati gurudumu la nyuma likazama mpaka kwenye mnyororo. Bibi mmoja akaweka kibuyu chini, akapiga makofi, akasema, "Idodomya!"

Nikasikia kama "Dodoma", nikadhani anauliza tumetoka wapi. Nikamjibu kwa adabu zote ulizonifundisha, "Ndiyo, bibi. Tumetoka Dodoma, leo asubuhi."

Walicheka mpaka mmoja akaketi mchangani. Daktari, ambaye ni Mgogo wa hapahapa, alikuwa ameinamia usukani anajifuta machozi. "Fundi, anasema imezama! Ni Kigogo hicho. Hata mji wanasema ulipata jina kwa tembo aliyezama kwenye matope." Baba, muda wote huu naandika Dodoma kwenye bahasha, kumbe nakaa mji unaoitwa Imezama. Wale mama walitusukuma mpaka tukatoka, huku wanacheka. Siku hizi gereji nzima inaniita Mtoka-Dodoma.

Tuliporudi nikamwambia Daktari tuache habu zake, vile vitovu vya katikati ya magurudumu, ni nzima, tubadilishe ringi, spoku na matairi. Mbele tuweke ringi ya inchi ishirini na moja, nyembamba, ipande juu ya mawe na mchanga, nyuma kumi na nane, na matairi yenye meno. Kazi ya kufunga spoku nikaachiwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimejisifu mno kwamba baba yangu ni fundi wa magurudumu.

Hapo nikakwama. Ulinifundisha kugonga na kusikiliza: spoku zilizokazwa sawasawa hulia sauti moja, iliyolegea hulia nzito. Lakini banda lako lina utulivu. Hapa jirani anakata vyuma, malori yanapita, redio haizimwi. Siku nzima nagonga sisikii kitu, na ringi inayumba. Nikaikumbuka siku uliyoilaza baiskeli ya Mwalimu jirani yetu chini, ukasema, "Mkono wangu unagonga, nauona, lakini spoku hailii," ukafunga banda na hukulifungua tena. Nililia pale gereji, Baba, sikufichi. Wakadhani ni vumbi.

Sasa sikiliza. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye ringi, na mpini wa bisibisi nimeuuma kwa meno. Ndiyo, tabia ileile uliyonichapia, "Fundi hali vyuma!" Nikainama, ncha ikagusa spoku, na kidole changu kikaigonga. Baba, ile sauti ilinijaa kichwani! Haikupitia masikioni. Ilipanda kwenye meno, ikaingia mifupani, safi, kana kwamba mji mzima umenyamaza. Nikadhani nimeota. Nikaziba masikio kwa pamba, nikagonga tena, na bado ikalia. Nikaendelea hivyo hivyo, spoku moja baada ya nyingine, nimeuma bisibisi kama mwendawazimu, mpaka zote zikalia sauti moja na ringi ikazunguka bila kuyumba.

Sheria yako ndiyo yetu huku pia: aliyefunga gurudumu ndiye wa kwanza kulipanda. Daktari akanipeleka korongo lilelile, akashuka, akaniachia usukani. Nikaingia. Gurudumu la mbele likapanda juu ya mchanga, likayumba kidogo, likashika, na mimi nikapita, nikapanda ukingo wa pili mpaka juu kilimani. Nikazima injini. Chini kulikuwa na reli, ng'ombe wadogo kama kunguni, milima ya Mpwapwa ya buluu, na anga, Baba, anga lisilo na mwisho. Nilijiona mdogo, na nilifurahi kuwa mdogo. Yule bibi alikuwa pale pale mtoni, akanipungia mkono. "Leo haijadodoma!" akapaza sauti kwa Kiswahili chake. Daktari amekwisha kuvuka huko mara nyingi na chanjo zake.

Nilimweleza habari za masikio yako. "Mimi daktari wa mbuzi," akasema, "lakini sikio lina mlango wa nje na chumba cha ndani. Pengine kilichokufa ni mlango tu. Pengine sivyo. Ajaribu, na hospitali aende vilevile." Kwa hiyo sikuahidi kitu, Baba. Lakini tangu siku ile silali vizuri kwa hamu. Hapo juu nimesema nalala, nilikuwa najikaza.

Nisalimie Mama yangu kipenzi, dada Mwanaidi na wanawe, mjomba Shabani wa sokoni, na Mwalimu jirani, ambaye najua baiskeli yake bado imelala kwenye banda lako.

Sasa fungua kitambaa. Bisibisi hiyo ndiyo yenyewe, alama za meno yangu ziko kwenye mpini. Kalifungue banda. Uma mpini, gusisha ncha kwenye spoku ya Mwalimu, ugonge.

Ikilia, mwambie Mama anipigie. Wewe usiseme haloo. Sogeza tu simu kwenye spoku, ugonge tena, nasi tutaisikia sote wawili, wewe kwa meno, mimi kwa simu.

Mwanao anayekaa na simu mkononi,
Saidi, Mtoka-Dodoma