Neno "Kila"

Dada yangu kipenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Kifua chake kinaendeleaje? Bado anapanda ngazi bila kusimama? Mimi ni mzima, na ndoa yangu, dada, ni asali tupu. Shemeji yako hunipigia pasi gauni la kazini huku akiimba vibaya, nami nikimtazama nasahau hata kufunga mlango.

Lakini siku hizi haimbi. Matokeo ya jaribio la ofisini kwetu, la vidonge vya kifua anavyomeza Mama, yametoka. Waliopewa dawa walipumua vizuri kuliko waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa, ila Profesa, mkuu wetu, amesema wagonjwa walikuwa wachache mno, na tofauti ile huenda ni bahati tu. Dawa imekataliwa. Nilimuuliza mume wangu inakuwaje nafuu ya Mama iitwe bahati. Akanieleza kwa upole kwamba kifua hubana na kuachia chenyewe. Ukipima watu wachache, hujui kama iliyowasaidia ni dawa au ni siku njema. Ndiyo maana idadi ya wagonjwa hukokotolewa kabla ya kuanza.

Idadi hiyo aliikokotoa yeye. Sasa ofisini wanamwita Bwana Nusu, wakimuuliza kama hata mke ameoa nusu. Anacheka nao, kisha akirudi nyumbani anakaa na viatu miguuni mpaka chai inapoa. Wamemhamishia stoo ya makaratasi.

Dada, keti kwanza. Kabla jaribio halijaanza, mume wangu aliniambia nichape "wagonjwa sitini na wanne kila kundi", na makundi yalikuwa mawili. Kabla sijamaliza mstari, akainama nyuma ya kiti changu akaniuliza kama ningekubali kuwa mkewe. Nikachapa "wagonjwa sitini na wanne", basi. Neno "kila" lilinipotea kwa furaha. Wakachukuliwa sitini na wanne kwa jumla. Yeye alitia sahihi bila kusoma, maana macho yake yalikuwa kwangu. Alipoulizwa nani alichapa, akasema ni yeye.

Kesho naenda kwa Profesa kusema ukweli. Kazi najua nitaikosa. Mama amebakiwa na vidonge vya siku kumi na moja, na hakuna vingine. Usimwambie, nitakuja nimwambie mwenyewe kabla havijaisha.

Nisalimie kila mtu hapo nyumbani. Kila mtu, dada. Safari hii neno hilo nimerudia kulisoma.

Mdogo wako akupendaye,
Kiduchu