Chai Bila Sukari na Vitumbua Vinne

Mjukuu wangu Mwajuma,

Marahaba. Huku Kinole hatujambo. Goti la babu yako limepata nafuu, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kiume, ana mapafu ya kupigia kelele huyo!

Sasa swali lako. Mara ya tatu hii unaniuliza kama soda isiyo na sukari ina madhara, kana kwamba mimi ni daktari. Nesi wa zahanati yetu kasema afadhali hiyo kuliko yenye sukari, ila maji yanazishinda zote mbili. Hukuridhika, ukanitumia na picha ya chupa. Maji ya mtungi wangu umeyanywa tangu utotoni, hukuwahi kuuliza kama yana madhara!

Haya, sikiliza. Nilipokuwa msichana niliapa kuacha sukari. Nikawa natia chai magome ya mdalasini wa shambani kwetu, nainywa hivyo hivyo, najitapa kijiji kizima. Na kwa kuwa chai haikuwa na sukari, nikajihalalishia vitumbua vinne kila asubuhi badala ya viwili. Siku ya harusi ya dada yangu, gauni likagoma kufungwa. Mama akanitazama, akasema, "Kumbe mdalasini unanenepesha!"

Nilinuna siku mbili.

Picha yako nimeitazama tena. Chupa umeiweka katikati, lakini pembeni naona sahani ya chipsi mayai, imejaa mpaka ukingoni. Hiyo mbona hujaniuliza?

Ni mimi bibi yako, mla vitumbua.