Chuma Kilichopatikana Chini ya Mashine ya Mama Nasiba

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa katika kituo cha polisi, Butembo, Jumatatu tarehe 16 Oktoba 2000, asubuhi, mbele ya ofisa Sikuli Apollinaire.

Jina la shahidi: Kaswera Adèle
Umri: miaka kumi na saba
Kazi: nimetoka shule mwezi wa saba; ninamsaidia mama yangu kufua na kuanika nguo za watu
Dini: Mkatoliki
Makao: Bulengera, Butembo

Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ofisa aliniuliza na kuniuliza tena, na sauti yangu haikufika mezani kwake, basi akanipa kalamu.

Mimi na mama yangu tulikuwa tunafua nguo za nyumba ya Papa Ramazani tangu nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi. Papa Ramazani ni mfanyabiashara Mwislamu mwenye magari makubwa yanayoleta mizigo kutoka Kasindi na kushuka nayo mpaka Kirumba. Mke wake ni Mama Nasiba. Tulifua kwenye mto Kimemi, juu ya jiwe la mama, kisha tukaja kuanika kwenye uwanja wa nyumba yao. Jiwe hilo mama aliachiwa na bibi yangu. Mpaka leo linafua.

Mnamo tarehe 10 mwezi wa sita mwaka huu, Jumamosi, kama saa nane mchana, gari la Papa Ramazani liliingia uani likiwa limebeba mashine ya kufulia nguo. Ilikuwa nyeupe, yenye dirisha la duara mbele, imefungwa kamba juu ya mbao. Waliiteremsha barazani, karibu na lango. Mama Nasiba alikuwa ndani na wageni. Mimi nilikuwa naanika mashuka.

Dereva Mathe alizunguka nyuma ya mashine akiwa na ufunguo wa kufungulia vyuma. Nyuma pale kulikuwa na bulon nne ndefu, yaani bolti za chuma. Alimwambia Papa Ramazani:

"Patron, muuzaji alisema hizi bulon banazitoa mbele ya kuwasha. Ziko ya safari tu. Zinafunga tumbo ya mashine isicheze mu njia."

Papa Ramazani akajibu: "Hapana toa. Vita ya kwanza tulikimbia, tukaacha frigo. Vita ya pili tukaacha televizio, na mi mwenyewe nilikuta askari anaiangalia mu nyumba yake, na akanikaribisha nikae! Hii ya sasa itakaa tayari. Siku batu ba bunduki banafika, tunainua, tunapakia, tunaenda."

"Mais patron, itaumia."

"Itaumia namna gani? Muuzaji alisema itadumu miaka kumi. Donc acha."

Mathe akarudisha ufunguo mfukoni. Hata kamba hawakuitoa yote, na zile mbao za safari zikabaki chini ya mashine kama miguu yake. Hawakuniona nyuma ya mashuka. Watu huwa hawanioni.

Nilifikiri kazi ya mashine itakuwa yangu. Nguo za nyumba ile ninazijua. Najua shuka gani linatoa rangi na kanzu gani haitaki kukamuliwa. Lakini mwezi wa saba, tulipomaliza shule, Mama Nasiba alimchukua Sofia.

Sofia ni binti wa watu wa Mulekera, Beni. Tulisoma darasa moja hapa Butembo. Yeye alikaa mbele na kunyosha mkono hata pale asipojua jibu. Mimi nilijua jibu na sikunyosha. Nilipokwenda kumwomba Mama Nasiba, maneno yalinikwama, nikabaki nimeshika mlango. Akacheka, akasema: "Mashine inataka mutu mwenye kusema nayo. Weye Kaswera, hata nikikuita unaitikaga ndani ya roho tu." Wanawake waliokuwa pale walicheka pia. Haikuwa kwa ubaya.

Sofia alipewa kazi, akapewa na chumba kilicho kando ya jiko, chenye kitanda na kioo. Alipewa sandale nyekundu ambazo Mama Nasiba hakuzipenda tena. Mimi na mama tulibaki kubeba maji ya mashine, kuanika, na kufua zile nguo ambazo mashine ilizikataa.

Ofisa ameniuliza mashine ile ilitendewa namna gani. Ninajibu. Haikutendewa vizuri, lakini si na Sofia peke yake. Umeme ulitoka kwenye groupe, ile jenereta ya dukani, na taa za nyumba zilipopungua nguvu, mashine nayo ilinguruma kama mtu mwenye usingizi. Maji tuliyoleta wakati wa mvua yalikuwa mekundu. Mama Nasiba alisema kitu kilichotoka mbali hakishibi haraka, akaamuru blanketi ziingie mbili mbili, na sabuni ya unga kikombe kizima, mpaka povu likatoka mlangoni. Sofia alimwambia, "Mama, ni mengi." Akajibiwa, "Weye ulisomea sabuni?"

Lakini hata siku ambayo ndani kulikuwa na nguo chache na sabuni kidogo, mashine iliruka. Tangu siku ya kwanza iliruka. Ilipofika wakati wa kuzunguka kwa nguvu ili ikamue maji, ilitetemeka yote, ikagonga mbao zake, ikatembea kwenda langoni. Majirani walikuja kuangalia juu ya ukuta. Mzee Zorobabel, fundi viatu wa jirani, alikuwa anapiga kelele: "Mama Nasiba, mashine yako inakimbia vita! Imesikia bunduki kule Beni!" Na watu wote wanacheka.

Ndipo Mama Nasiba akamwambia Sofia awe anakaa juu yake ili aizuie. Sofia akakaa. Kila Jumamosi alikaa juu ya mashine ile, miguu yenye sandale nyekundu ikining'inia, anatetemeka na kuimba na sauti yake inakatika katika, na watoto wanamshangilia. Mimi nilipita chini na ndoo. Alikuwa ananiita: "Kaswera, njoo upande nawe! Kuna nafasi!" Sikupanda.

Nilikuwa namwangalia. Nasema hivi kwa sababu ofisa ameniuliza nilijuaje mambo haya yote. Nilimwangalia alipowasha na alipozima. Nilimwangalia alivyokagua mifuko ya nguo kabla ya kuzitia ndani. Alikuwa anaigeuza yote, hata ya nguo za watoto. Nilingoja asahau mfuko mmoja. Nilingoja msumari, au kifungo, au jiwe la mtoto, ili siku moja Mama Nasiba aseme, heri ningemchukua Kaswera. Hakusahau hata mara moja. Ilikuwa ni wivu.

Mnamo Ijumaa tarehe 13 mwezi huu, jioni, mtu alitoka Beni akamwambia Sofia kwamba mama yake amejifungua na hali yake si nzuri. Sofia akaomba ruhusa aende. Mama Nasiba akakataa, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja na mashuka hayajafuliwa. Sofia akalia, akasema kwa sauti kubwa, na uwanja mzima ulisikia: "Basi siku mashine yenu inakufa, njo nitaenda kuona mama yangu!" Ni kweli alisema. Mimi pia nilisikia. Kisha akaingia jikoni akakoroga unga wa jioni, na usiku ule hakuigusa mashine. Najua kwa sababu mashine ilikuwa barazani, na mimi na mama tulilala barazani hapo hapo. Tulikawia kazini na njia ilikuwa na askari.

Jumamosi tarehe 14, saa nne asubuhi, Sofia aliwasha. Mashuka yalikuwa manne tu. Alikagua yote. Ilipofika wakati wa kukamua, akapanda juu. Mashine iliruka kuliko siku zote. Kukasikika mlio mmoja mkali wa chuma, kisha kitu kikawa kinasaga ndani kama mawe, moshi ukatoka nyuma, na Sofia akarushwa chini. Sandale moja iliruka ikaanguka kwenye tope. Nilicheka. Ni mimi peke yangu niliyecheka.

Maji yalipomwagika, Mama Nasiba alichukua fimbo akachokoa chini ya mashine, akatoa kipande cha chuma kirefu kama kidole, kimekatika upande mmoja na mahali pa kukatika panang'aa. Akasema: "Nani ametia chuma ndani ya mashine yangu?" Kisha akakumbuka maneno ya Sofia ya jana.

Sofia alisema: "Mama, sikijui hicho chuma. Naapa, sikijui." Nadhani ni kweli hakijui. Siku bulon zilipozungumzwa yeye hakuwapo, na nyuma ya mashine ilikuwa ukutani. Akageuka kwangu, akasema: "Kaswera, sema! Weye unaniangaliaga kutwa! Sema kama nilitia kitu!"

Sikujua kwamba alikuwa anajua. Niliona haya kubwa. Walipomleta Sofia hapa kituoni nilikuwa bado nimesimama na ndoo.

Jana Jumapili, baada ya misa, Mama Nasiba aliniita. Hakuwa mkali. Alisema Papa Ramazani, ambaye yuko safarini Kampala, amepata habari na ataleta mashine nyingine, na safari hii ni mimi nitakayeiongoza. "Umekaa na sisi miaka mingi, haujasema neno baya," alisema. Akanipa ufunguo wa chumba cha kando ya jiko. Niliingia. Kitambaa cha kichwa cha Sofia kilikuwa kwenye msumari. Nilijitazama kwenye kioo kile kwa muda mrefu.

Nilipeleka ufunguo nyumbani, nikamwonyesha mama. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Aliuangalia, akauliza: "Na ule mutoto mwenzako analala wapi leo?" Nikasema, polisi. Akaendelea na maharagwe yake. Mimi sikuweza kula.

Mambo ninayoyajua ni haya. Kile chuma hakikuingia kwenye mashine kwa mkono wa Sofia. Kilikuja nayo. Ni kipande cha bulon moja kati ya zile nne za safari ambazo Papa Ramazani alikataa zitolewe. Mashine ilikuwa imefungwa tumbo na bado inaambiwa izunguke, miezi minne, na kila ilipozunguka ilijipiga yenyewe. Muuzaji alisema miaka kumi, lakini alikuwa anasema juu ya mashine iliyofika. Hii yetu haikufika. Ilikuwa bado safarini, inangoja vita.

Mathe angeweza kusema hivi vizuri kuliko mimi, lakini yuko upande wa Kirumba na barabara ya kusini imefungwa na wapiganaji. Papa Ramazani angeweza, lakini yuko mbali, na sidhani kama anakumbuka. Kwa hiyo nimebaki mimi.

Naomba mtu aende aangalie mgongo wa mashine kabla fundi hajaifungua. Kama nasema kweli, bulon tatu ziko mahali pake, na shimo la nne lina kichwa cha bulon tu, mwili wake umekatika. Wachukue kile chuma cha Mama Nasiba wakifananishe. Kama nasema uongo, mnifunge mimi.

Sikuja hapa kwa sababu ninampenda Sofia. Naliandika pia hilo. Najua akitoka leo atakwenda Beni kwa mama yake, kisha atarudi, na mashine mpya ikifika atakaa juu yake tena, au hatakaa, maana safari hii watatoa bulon. Nami nitarudi kwenye jiwe. Ufunguo wa chumba nimeuweka hapa mezani, karibu na wino. Naomba apewe Mama Nasiba, nisimpe mwenyewe, maana nitashindwa kusema kwa nini.

Niliyoyaona yameishia hapo. Haya ndiyo maelezo yangu, na hakuna aliyenituma.

(Sahihi) Kaswera Adèle

Maandishi ya ofisa:

Kabla ya shahidi kutia sahihi, nilikwenda pamoja naye hadi nyumba ya Ramazani, mbele ya Mama Nasiba na jirani Zorobabel. Mashine ilisogezwa kutoka ukutani. Bulon tatu zilikuwa mahali pake, zimekazwa. Kwenye shimo la nne kulikuwa na kichwa cha bulon iliyokatika. Kipande kilicholetwa kituoni kiliwekwa juu yake, kikalingana nacho bila kuacha nafasi. Mama Nasiba alikaa chini kwenye baraza. Ufunguo umerudishwa kwake. Sofia anaachiliwa leo hii na kuruhusiwa kusafiri Beni.

Tuliporudi kituoni nilimsomea shahidi maelezo yake. Aliomba neno moja tu lifutwe, lile la wivu. Nilimweleza kwamba neno hilo likitoka, atakayesoma atauliza msichana huyu alijuaje kila mfuko na kila Jumamosi, na hakutakuwa na jibu. Alifikiri, akiwa ameangalia mlango wa chumba cha mahabusu. Kisha akasema, kwa sauti niliyoisikia vizuri, "Liache," akatia sahihi.

(Sahihi) Sikuli Apollinaire, ofisa wa polisi